Bi. Maria Vu Thi Thoa na Mtungi wa Mwisho wa Tam

Mheshimiwa Padre, ndugu zangu, majirani, na nyinyi wapiga tarumbeta mliowahi kivuli: mimi ni Lusia Pham Thi Dam, wifi wa marehemu. Kwa desturi wasifu husomwa na mtoto wa kiume wa kwanza. Tuyen alijaribu juzi pale nyumbani, akafika kwenye jina la mama yake, akaiweka karatasi chini. Yeye na wadogo zake walikuwa wameuandika vizuri, tarehe zote mahali pake, lakini nilipousoma nikaona umepoa mno kwa mtu aliyeishi maisha yake kando ya maji ya moto. Nikauandika upya. Kilichochapwa kwenye karatasi mlizoshika ni changu, na mwenye kulalamika anione baada ya mazishi.

Bi. Maria Vu Thi Thoa alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1953 katika kijiji cha Dong Bun, wilaya ya Y Yen, mkoa huu huu wetu wa Nam Dinh. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Petro Vu Van Chuc na Bi. Tereza Mai Thi Sen. Mkunga alifika kwa mtumbwi akaingilia dirishani, kwa sababu maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha mlango. Wala halikuwa jambo la ajabu. Kwao ni bondeni kabisa. Mvua za majira ya joto zikishaingia majarubani hazitoki hadi baridi ianze, kwa hiyo siku zile walilima msimu mmoja tu, ule wa baridi. Waliloweka mbegu wakati watu wanajikunyata kwa baridi, wakavuna joto likibisha hodi. Nawaomba mlishike hilo, maana kisa chote kimekaa hapo.

Alianza shule ya msingi Dong Bun mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Hiyo ilikuwa miaka ya mabomu. Shule ilihamishwa ikawekwa kwenye mashimo kandokando ya tuta, na kila mwanafunzi alivaa kofia nene ya mabua ya mpunga kukinga kichwa. Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta Thoa amekaa nyuma ya mwenzake, anachopoa punje zilizobakia kwenye kofia ya mwenzake, anazing'ata moja moja, zilizo tupu anazitema. Mwalimu akamkumbusha kwamba somo lililokuwa likiendelea ni hesabu. Akajibu kwa adabu zote kwamba na yeye alikuwa anahesabu mapepe. Alisimamishwa nje ya shimo mpaka kipindi kikaisha, jambo ambalo katika miaka ile halikuwa adhabu ndogo, na mama yake alikwenda kumgombeza mwalimu.

Mwaka 1969 alijiunga na kikundi cha mbegu cha ushirika wa kijiji chao. Vijana mliozoea mbegu za mfuko huenda hamjui kazi hiyo ilivyokuwa. Mpunga una magonjwa yanayojificha kwenye ganda la punje. Huyaoni, hayanuki, yametulia tu yanakusubiri. Ukiatika hivyo hivyo, umeatika na ugonjwa wako. Kwa hiyo mbegu zinaogeshwa kwanza. Unachota kata tatu za maji yanayochemka, unachanganya na kata mbili za maji ya baridi ya bwawani, unatumbukiza mbegu na kukoroga. Mapepe yanaelea, unawapa bata. Zilizozama unaziacha zipate joto la kuua ugonjwa bila kuua punje, kisha unaziloweka, unazichuja, unazitia guniani na kuzifukia kwenye mabua mpaka zitoe ncha nyeupe. Tatu za moto, mbili za baridi. Kule Dong Bun hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo, na marehemu alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa anatia mkono mara moja tu na kusema bado, au tayari.

Kaka yangu, Yosefu Pham Van Khoat, alirudi kutoka vitani mwaka 1973 na mguu mmoja mbovu. Alikutana na marehemu kwenye sikukuu ya parokia kule Y Yen. Yeye mwenyewe husema alivutwa na sauti yake kwaya ilipokuwa inaimba. Mimi nilikuwepo. Alivutwa na keki za mchele wa kunata. Alikula nne kabla hajamuuliza mwenye kuzipika jina lake. Walifunga ndoa tarehe 5 Aprili 1975 katika kanisa letu la Bac Trang, bibi harusi akahamia kwetu, huku wilaya ya Hai Hau. Marehemu mama yetu, Bi. Anna, alimpokea vizuri, maana yake alimkagua kuanzia kisigino kwenda juu. Mimi nilikuwa bado sijaolewa, nikamkagua kuanzia utosini kwenda chini. Tukakutana kiunoni, tukakubaliana kwamba ni mwembamba.

Sasa nisikilizeni, hata nyinyi mnaodhani mnakijua kisa hiki, kwa sababu wengi wenu mnakijua vibaya.

Sisi wa Bac Trang tuna tam, mpunga wetu wa kunukia. Ushirika wakati ule ulikuwa unapanda mpunga mfupi wenye mavuno mengi, na sisemi ubaya, watu walishiba. Lakini tam ilibaki kwenye vile vipande vya nyuma ya nyumba, kwa ajili ya harusi, Misa ya mavuno na sikukuu ya Mwaka Mpya. Huo mpunga haujali ratiba ya mtu. Unaatikwa Juni, jua likiwaka hasa, unavunwa mwezi wa kumi na moja, na ukipikwa nyumba moja, nyumba tano zinameza mate. Tatizo ni kwamba miaka miwili mfululizo tam yetu ilikuwa imeingiwa na ule ugonjwa ambao huku tunauita mpunga dume. Mche unarefuka kuwapita wenzake, mwembamba, umepauka, unasimama juu ya kitalu kujionyesha, halafu unakufa bila kutoa suke. Mama alikuwa akisema anawajua wanaume wa namna hiyo. Majina siyataji, baadhi wamesimama safu ya tatu.

Nyumba nyingi zilishakata tamaa, zikatwanga mbegu zao na kuzila. Kufikia mwaka huo wa 1975 tam ya Bac Trang nzima ilikuwa mtungi mmoja, umezibwa kwa majivu na majani makavu ya jamii ya mwarobaini, upo chini ya kitanda cha Mama. Ukifa mtungi ule, tam imekufa. Hapakuwa na pa kuazima.

Bibi harusi alikuwa na miezi miwili tu kwetu. Akauliza, kwa upole, kwa nini tam haiogeshwi. Mama akamwambia kwamba tam haijawahi kuogeshwa, tam husuguliwa kwa majivu, alivyofanya mama mkwe wake na mama mkwe wa mama mkwe wake. Kesho yake Thoa akauliza tena. Kaka yangu akajitia kukohoa upande wa mke wake. Mwisho Mama akasema, "Nusu. Nusu nyingine iko chini ya kitanda, na mimi niko juu ya kitanda."

Habari ikaenea, majirani wakaja uani kuangalia. Marehemu alifunga kitambaa chake kichwani, akachemsha maji, akapima mbele ya watu wote: tatu za moto, mbili za bwawani. Mbegu zikaoga, zikalowekwa, zikatiwa guniani, likafukiwa kwenye mabua, tukangoja. Siku ya kufungua, Mama alipolegeza kamba, uani ikasikika harufu ya uji. Hapakuwa na ncha nyeupe hata moja. Punje zilikuwa zimevimba, laini, ukiminya zinapondeka.

Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na wifi yangu alikuwa ametupikia mbegu. Ningecheka hata leo. Mama hakucheka, wala hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Wapelekee bata." Bibi harusi akalibeba gunia mwenyewe mpaka kwenye banda, huku majirani wakimpisha njia kama anayepita na maiti. Kabla ya jioni alishapewa jina la Mpishi wa Mbegu.

Msidhani ni jambo dogo. Kwetu mwanamke aliyeua mbegu hafukuzwi, sisi ni Wakristo. Anakaa, anakula, anazaa, anazeeka. Ila hatashikishwa mbegu tena, na katika nyumba ya mkulima asiyeshika mbegu ni mgeni hata akizaa kumi. Marehemu alilijua hilo. Usiku na mchana hakulia, na mimi niliyekuwa nangoja alie nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kila alipopita mbele ya chumba cha Mama alitazama chini ya kitanda. Mtungi ulikuwa na nusu yake, yenye ugonjwa ule ule, na msimu ulikuwa unayoyoma. Mama aliazimia kuiatika jinsi ilivyo, na madume yake, apate atakachopata.

Basi alasiri moja tulikuwa bwawani tunasugua masufuria. Nikaona mwenzangu ameacha kusugua, kachuchumaa, mkono uko majini.

"Wifi, tia mkono," akaniambia.

"Nimetia. Kuna nini?"

"Haya ndiyo maji ya baridi?"

Nikamwambia ni maji ya bwawa, alitaka yaweje? Akainua mkono, akautazama ukichuruzika.

"Kwetu tunaogesha mbegu wakati wa baridi. Ukitia mkono bwawani unautoa umekufa ganzi, huwezi hata kufunga kifungo. Haya yenu ni chai iliyopoa." Halafu akasimama, sufuria ikamponyoka ikazama, na niliyeipigia mbizi ni mimi. "Wifi, sikukosea kipimo. Nimekosea mwezi."

Akaondoka mbio na miguu yake ya matope mpaka kwa Mama. Nikamfuata, kwa sababu niliona kama Mama angemrushia kitu, ningependa kukiona. Mama alikuwa kibarazani na kazi yake ya kila wiki. Yeye ndiye aliyetunza mishumaa ya parokia: anakwangua nta iliyodondoka altareni, anaiyeyusha kwenye mkebe ulioelea ndani ya maji ya moto, anaitengeneza upya. Thoa akaeleza yote kwa pumzi moja. Akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mkono wake hautegemeki tena, maana mkono wa Juni na mkono wa majira ya baridi hauhisi joto kwa namna moja. Alihitaji kitu kisichojua mwezi. Jambo moja alilikumbuka. Kule kwao mshumaa wa dukani uliwahi kumponyoka ukatumbukia kwenye pipa la mbegu, ukayeyuka, nta ikagandamana na punje, na mama yake akamchapa kwa kata. Lakini mbegu zile ziliota zote. Kwa hiyo maji mazuri ni yale yanayoyeyusha mshumaa wa dukani. Asilolijua ni wapi maji yanakuwa makali kupita kiasi.

Mama aliendelea kukwangua. Mimi nilishaanza kuondoka aliposema, bila kuinua macho, "Nta ya nyuki ya altareni haiyeyuki ovyo. Inataka maji makali kuliko ya mshumaa wa dukani. Nimeiyeyusha miaka thelathini, naijua."

Wakatazamana, mkwe na mkwe, na nadhani hiyo ndiyo siku waliyoonana.

Wakachemsha maji hapo hapo. Kwanza wakachanganya kama alivyochanganya siku ile, tatu kwa mbili, maji ya bwawa letu la Juni. Wakatupia kipande cha mshumaa wa dukani na kipande cha nta ya altareni. Vyote viwili vikayeyuka vikawa mafuta juu ya maji. Mama akasema, "Uji." Kisha nikatumwa mimi kwenye kisima cha kanisa, ambako maji hutoka chini na hayachezewi na jua. Wakaongeza kidogo, wakatupia vipande vipya, wakaongeza tena, mpaka cha dukani kikalegea na kuyeyuka, na cha altareni kikabaki kinaelea na kona zake zote. Hapo ndipo Mama alipoinama chini ya kitanda. Alitoa konzi moja ya mbegu, moja tu, akaimimina mkononi mwa mkwewe, akaufunga mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Konzi ile ilitiwa ndani ya soksi ya kaka yangu, sina budi kusema ukweli, maana gunia lilikuwa kubwa mno. Walipoifungua mimi sikuwa na hamu ya kucheka. Kila punje ilikuwa na ncha nyeupe, nono, imenyooka. Mama aliichukua moja akaitazama juani, akaitia mdomoni, akaitafuna. Halafu akaingia ndani, akautoa mtungi mzima, akamkabidhi mkwewe. Kaka yangu akashika mtungi kwa chini, na mguu wake huo, wakaubeba wote.

Kitalu kile tulikilinda kama mtoto mwenye surua. Kila asubuhi Mama, Thoa na mimi tulizunguka tukitafuta mpunga dume, hata mmoja wa kumtukana, tukakosa. Miche ilipandikizwa ikiwa imelingana, kijani kibichi. Wale wale waliompa jina la Mpishi wa Mbegu wakaanza kupitia nyuma ya nyumba yetu kwenda sokoni, njia ambayo, mnaoijua Bac Trang mnajua, haiendi sokoni. Mwezi wa kumi na moja tukavuna. Siku ya kula mchele mpya bakuli la kwanza liliwekwa mbele ya picha ya baba yetu, kama inavyopasa. Bakuli la pili ni la mwanamume wa nyumba. Khoat alishanyoosha mikono. Mama akalipitisha bakuli mbele ya pua yake, mvuke wote ule, akampa mkewe.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Na kuanzia leo mtungi utakaa chini ya kitanda chako."

Juni iliyofuata tam iligawiwa kwa kila nyumba iliyoomba, na kila nyumba ilikuja kuogeshea mbegu uani kwetu. Bila shaka watu ni watu. Pakatokea maneno kwamba kinachoponya ni nta iliyobarikiwa. Bwana mmoja wa mtaa wa chini, marehemu sasa, alitumbukiza mshumaa mzima wa Pasaka kwenye pipa la maji yanayochemka, pamoja na mbegu zake zote, na bata wake walishiba mwezi mzima. Padre wa wakati ule alimwomba marehemu aseme neno baada ya Misa. Akasimama pale mbele, mjamzito wa Tuyen, akasema nta haiponyi kitu, nta inapima tu, kinachoponya ni joto lisilozidi wala kupungua. Akaketi. Hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa kanisani kwetu, na Padre, usinielewe vibaya.

Mwaka 1983 alichaguliwa kiongozi wa kikundi cha mbegu cha ushirika wa Bac Trang, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2011. Mwaka 1988 bwana shamba, Bw. Ruyen, ambaye yupo hapa nasi leo, alimletea kipimajoto cha kioo. Alikuja kwa hofu, akidhani mama huyu atang'ang'ania mishumaa yake. Marehemu akakitumbukiza majini, akatupia na vipande vyake viwili vya nta, akatazama huku na huku, akacheka mpaka akakaa chini. Vyote vilisema neno moja. Siku hiyo hiyo mishumaa ilirudishwa kanisani, na kipimajoto kikaning'inizwa shingoni pamoja na msalaba. Watoto wake ni mashahidi kwamba wakati wa sala ya jioni aliwahi kukibusu kisichopaswa. Bw. Ruyen naye akajifunza kwake jambo la kisima, akalipeleka vijiji vingine, na wawili hao walikuwa marafiki wa kubishana mpaka mwisho. Dawa za unga zilipokuja alizitumia pale joto lisipotosha, amevaa glavu, amefunga mdomo, na ole wako akute bata wako karibu na mbegu zilizotiwa dawa.

Miaka ilipita, watu wa mjini wakaanza kuulizia tam. Leo hapa Bac Trang inapandwa toka tuta la mto mpaka ukuta wa makaburi haya tuliposimama. Geukeni tu mtazame. Yote hiyo imetoka kwenye nusu mtungi.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa katika hospitali ya mkoa mjini Nam Dinh, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa akiwauliza maji yao ya kuogea wagonjwa yamepimwa na nani. Mwezi wa tano mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Tulidhani anataka kufia kwake. Alitaka kuwahi Juni. Kitanda chake kikasogezwa dirishani, na mkwewe Huyen, mke wa Tuyen, akaogesha mbegu uani huku mama mkwe akimsimamia kwa macho. Huyen alikuwa anafanya kazi hiyo peke yake kwa mara ya kwanza. Alisoma kipimajoto kwa sauti, marehemu akatikisa kichwa. Akaongeza maji ya kisima, akasoma tena, marehemu akafumba macho kukubali.

Jumanne jioni aliuliza, "Zimeota?" Huyen akainuka akafungue gunia. Marehemu akamzuia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba gunia likifunguliwa mapema joto linapotea na mbegu zinaduwaa. Akasema, "Acheni. Msifungue kwa ajili yangu." Alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Juni 2019, akiwa amezungukwa na mume wake, watoto wake na mimi, Bi. Maria Vu Thi Thoa aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Ulikuwa wa moto, na nilikasirika sana, mbele yenu nasema nilikasirika, kwa sababu mtu aliyengoja mbegu maisha yake yote alinyimwa siku mbili.

Marehemu ameacha mume, Bw. Yosefu Pham Van Khoat, watoto watatu, Tuyen, Mien na Luc, pamoja na wake na mume wao, wajukuu saba, dada mmoja kule Dong Bun, na wifi mmoja aliyemcheka mara moja na kumpenda miaka arobaini na minne.

Karatasi zenu zinaishia hapo. Haya yaliyobaki hayamo, kwa sababu karatasi zilichapwa jana, na haya ni ya leo.

Leo alfajiri, kabla ya Misa, Huyen amefungua gunia. Alikuja kuniamsha mimi kwanza, aliogopa kutazama peke yake. Tukalegeza kamba wote wawili. Kisha tukamwita Tuyen, na Luc, na mabwana wote waliopangwa kubeba jeneza, kwa sababu mbegu ikishatoa ncha haingoji mazishi ya mtu. Wameatika kitalu kizima, wakakimbia kanisani. Mliojiuliza kwa nini wachukuzi wa jeneza wana matope hadi magotini na suti zao, na niliwasikia mkinong'ona pale nyuma, jibu ndilo hilo.

Padre, nivumilie, nitamgeukia mwenyewe. Wapiga tarumbeta, nikimaliza pigeni ule wimbo wa Pasaka, ndio aliouomba, na pigeni kwa nguvu.

Wifi, uliuliza Jumanne ukaondoka bila jibu. Zimeota. Zote, toka juu ya gunia hadi chini. Lala sasa kwa amani.